Chai ya Bi Halina

Bi Halina alishika birika kwa mikono miwili, akamimina chai bila haraka, na hakuacha mpaka ilipofika ukingoni kabisa. Kikombe kilikuwa cha kaure chenye maua mekundu, kile anachokitoa kabatini siku za Idi tu. Akakisogeza polepole, kisimwagike, mbele ya mgeni wake. Mgeni alikuwa Mzee Hoshimjon, mfumaji hariri wa Margilan, aliyetoka Uzbekistan mpaka Polandi kwa mambo mawili: kumwona binti yake Sarvinoz akihitimu chuo, na kumkagua kijana aliyemteka moyo.

"Karibu chai, Mzee," alisema Bi Halina kwa Kirusi chake cha shuleni. "Mkate wa nyama bado uko kwenye oveni."

Mzee Hoshimjon alikitazama kikombe. Akamtazama mwenyeji. Akakitazama tena kikombe.

Sarvinoz hakuona kitu. Alikuwa kulia kwa baba yake, anapaka siagi mkate, na furaha imemjaa mpaka kwenye vidole. Asubuhi ile walikuwa wamesali Idi kubwa katika msikiti wa mbao wa Kamionka, kijiji cha Watatari, Waislamu wa Polandi tangu kale, baba yake safu ya mbele na yeye juu, kwenye roshani ya wanawake. Sasa watu wawili aliokuwa akimwomba Mungu awapatanishe walikuwa meza moja. Aliyekosekana ni Selim peke yake, mtoto wa Bi Halina. Selim alikuwa daktari wa mifugo, na ng'ombe wa jirani, kwa ukaidi wake, alichagua saa ileile kushikwa na uchungu wa kuzaa.

"Nashukuru," alisema Mzee Hoshimjon. Chai hakuigusa. Akainua viganja, akasoma dua fupi, akajipangusa uso, akasimama. "Mungu akujaalie heri, Bi Halina. Sarvinoz, niletee koti langu."

"Baba? Nyama bado!"

"Koti."

Alitoka kwa adabu zote, kichwa juu, na mlango akaurudisha taratibu. Bi Halina alibaki amesimama na birika mkononi.

"Nimemuudhi? Mwanangu, nimesema neno baya? Kirusi changu kimechakaa, huenda nimesema kitu..."

Ndipo Sarvinoz alipokitazama kile kikombe, akaelewa. Kwao Margilan, mgeni unayemheshimu unamtilia chai kidogo, nusu kikombe au chini ya hapo. Akimaliza unamtilia tena, na tena, kwa kuwa hujachoka kumhudumia. Ukimjazia mpaka ukingoni, umemwambia bila kufungua mdomo: kunywa, umalize, mlango ule pale.

"Si wewe, Mama," alisema, na tayari alikuwa anavaa viatu. "Ni mimi. Makosa ni yangu mimi."

Njiani alikuwa akijilaumu kwa kila hatua. Yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita, asubuhi ya Idi ndogo, kwenye meza ileile, alimiminiwa chai na Selim ikajaa pomoni. Alijiambia, haya, bibi, umekaa kupita kiasi. Akaaga, akabeba mkoba, akaenda kusimama kituo cha basi kwenye manyunyu ya baridi huku machozi yanamlenga. Selim alimfuata kwa baiskeli, anahema. "Tumekukosea nini?" Alipomweleza, kijana alicheka mpaka baiskeli ikamwangukia. Kisha akaacha kucheka, akamtazama, na mtazamo ule ulimfanya Sarvinoz akose mabasi mawili. "Tusimwambie mama," Selim alimsihi. "Atajisikia vibaya mwaka mzima." Wakaifanya siri yao, wakaipenda kupita kiasi, na kumbe siri nayo huuma.

Alimkuta baba yake anapita kando ya makaburi, anaelekea nyumba ya wageni alikopanga chumba.

"Baba, ngoja! Hawajui. Hapa kikombe kilichojaa ni ukarimu. Ukimpa mgeni nusu, watasema una mkono wa birika."

"Nimeelewa."

"Umeelewa?"

"Mimi si mtoto. Nimekaa jeshini na watu wa makabila kumi na saba. Nilipofika kwenye mlango wake nikajua mama wa watu hana nia mbaya." Mzee alisimama, akamgeukia. "Sikuondoka kwa sababu ya kikombe, Sarvinoz. Nimeondoka kwa sababu mwanangu alikuwa kando yangu, anakiona kinajaa, na jicho lake halikushtuka. Miaka mitatu tu! Umesahau chai. Umesahau nini kingine? Swala nayo?"

Neno hilo lilimchoma. Angeweza kukasirika, na kwa kawaida alikuwa mwepesi wa kukasirika, lakini siku ya Idi, mbele ya baba aliyeuza zulia la ukutani ili apate tiketi, alishindwa.

"Niulize, Baba. Uliza nilisali wapi."

"Haya. Ulisali wapi?"

"Mwezi wa kwanza pale Lodz, chuoni, nilisali bafuni, kwa aibu. Nilifunga mlango, nikafungua bomba ili mwenzangu wa chumbani asisikie. Siku moja huyo mwenzangu, Kasia, akagonga, akaniambia, 'Huyo Mungu wako humpendi? Mbona unamweka bafuni?' Akahamisha kitanda chake, akanipa pembe ya dirishani. Mkristo yule, Baba, na Ramadhani alikuwa akiamka na mimi kula daku, ati peke yangu nitakosa hamu."

Mzee Hoshimjon hakuendelea kutembea.

"Tulipopelekwa Vienna kuona viwanda, treni ilichelewa, alasiri ikanikuta kituoni. Nilitandika koti chini ya ngazi. Mfagiaji mmoja akasimama na mkokoteni wake mbele yangu. Nikadhani ananifukuza. Kumbe amewazibia watu njia, wasinikanyage. Nilipotoa salamu akaondoka zake, hata jina sikumuuliza. Na Prague, mvua imetukamata, mlinzi wa kanisa akanionyesha chumba cha nyuma, akazima redio yake mpaka nilipomaliza. Kila mahali nilipata mtu, Baba. Nimesahau chai, ndiyo, nipige. Lakini swala sikuiacha, na sikuishika kwa nguvu zangu mwenyewe. Nilishikiwa."

Baba yake alitazama makaburi ya Watatari, mawe ya kale yenye mwezi mchanga juu na majina ya Kipolandi chini. Miaka mia na mia wameishi wachache katikati ya wengi. Lugha yao imepotea, na Fatiha imebaki.

"Sawa," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Hilo nimelipokea. Alhamdulillahi. Lakini liko jingine, nalo ndilo linaloniuma. Mila yetu unaijua. Upande wa kijana ndio unaokuja kwa binti. Wanakuja na mkate, wanabisha hodi, wanaketi, wanabembeleza. Mimi nimefanya nini leo? Nimempandisha binti yangu basi, nimemleta mpaka mlangoni kwa mwanamume, nikaketi kungoja chai! Huko Margilan nikiulizwa nani alikuja kukuposa, nijibu nini? Kwamba nilikupeleka mwenyewe kama vitambaa vya sokoni?"

"Baba, usiseme hivyo."

"Nasema. Basi ni saa kumi. Tutapanda."

"Na Selim?"

"Selim ni kijana mzuri. Daktari wa ng'ombe, lakini mzuri."

"Ng'ombe nao huumwa, Baba."

Nusura mzee acheke. Akajizuia, wakatembea mpaka nyumba ya wageni, akaingia ndani kufunga sanduku lake.

Sarvinoz alibaki barabarani. Alijua maana ya basi la saa kumi. Baba yake hakuwa mtu wa kukataa kwa makelele. Wangepanda, wangefika Lodz, angemvalisha joho la kuhitimu na kumpiga picha, na jina la Selim lisingetajwa tena milele. Na yeye asingeweza kumvunjia heshima. Alimpenda Selim, tena mapenzi ya kumfanya atabasamu peke yake kwenye foleni, lakini ndoa isiyo na dua ya baba aliiogopa.

Selim alimkuta hapohapo. Alikuwa katika mabuti ya mpira, tope mpaka magotini, uso umechangamka.

"Ndama jike! Miguu ilitangulia, lakini tumemtoa salama. Vipi, Mzee amekula? Sarva? Mbona unalia?"

Alimweleza yote, kwa mkato, huku anapenga kamasi kwenye leso yake. Selim alisikiliza bila kumkatiza, na jinsi alivyomtazama, kwa macho yale ya kijivu yasiyojua kuficha kitu, ilimzidishia kilio.

"Kwa hiyo tumemwalika mtu aje kutuposa," alisema Selim polepole. "Ya Rabi. Ingekuwa mimi, ningepanda basi la saa nane."

"Hakuna mzaha hapa!"

"Sifanyi mzaha. Niambie jambo moja. Kama nyumbani kwa binti ndiko kunakobishwa hodi, nyumbani kwako leo ni wapi?"

Sarvinoz alifuta machozi. Akaitazama nyumba ya wageni, dirisha la ghorofa ya chini, baba yake anakunja kanzu. Alipo baba, ndipo kwao.

"Hapo," alisema.

"Basi nangoja nini?" Na alikuwa ameshaanza kukimbia kwa mama yake, mabuti yanapiga kelele.

"Vua mabuti!" alimpigia kelele. "Na mje na mkate! Miwili, usiwe mmoja!"

Saa nane u nusu mlango wa nyumba ya wageni uligongwa. Mzee Hoshimjon alifungua. Mbele yake alisimama Bi Halina katika gauni lake jeusi la Idi na kitambaa cheupe kichwani, mikononi ameshika kitu kilichofungwa taulo, kinafuka mvuke. Nyuma yake Selim, nywele mbichi, shati limefungwa vifungo kombo.

"Assalaam alaikum," alisema Bi Halina. "Tumekuja kubisha hodi."

Mzee aliondoa sanduku juu ya kiti cha pekee kilichokuwamo, akamkaribisha mama aketi. Sarvinoz alipelekwa dirishani, kichwa chini, anavyotakiwa binti anayeposwa. Simu ilisimamishwa kwenye kingo ya dirisha, na ndani yake alikuwamo mama yake, Bi Mastura, yuko Margilan, mkono mmoja umeshika kisu cha nyama.

"Mikate sikuwa nayo miwili," alisema Bi Halina kwa haya. "Nimekata huu wa nyama katikati. Mzee, mimi mjane. Sina wajomba wa kunisemea. Nina mtoto mmoja. Hanywi, halali mpaka ng'ombe wa watu wapone, na tangu amjue binti yako ameanza kusali alfajiri bila kuamshwa. Nakuomba umpe binti yako awe mkewe."

Mzee Hoshimjon alikohoa. "Binti yetu bado mdogo," alisema.

Bi Halina alimtazama Sarvinoz, mwenye miaka ishirini na minne na shahada ya uhandisi wa nguo. Akasimama, akainama kidogo, akatoka na mkate wake, Selim nyuma yake ameduwaa.

"Amekataa?" aliuliza Bi Mastura kwenye simu.

"Nimekataa."

"Vizuri! Mara ya kwanza ukikubali watasema binti ana kasoro. Lakini usijitie ukuta, basi la saa kumi halina mila."

Sarvinoz alikuwa ameshafungua dirisha. Bi Halina alikuwa anafuta macho kwenye bustani. "Mama!" alimnong'oneza kwa nguvu. "Usiende! Kwetu mara ya kwanza lazima wakatae! Zungukeni nyumba, mrudi!"

"Nizunguke nyumba?"

"Kama mmetoka mbali! Siku nyingi zimepita! Haraka!"

Mzee Hoshimjon alikuwa ameipa kisogo bustani, anakagua dari kwa makini sana.

Hodi ikabishwa tena. Bi Halina aliingia na majani ya mchongoma kwenye gauni. Safari hii hakuketi.

"Mzee, tumerudi. Sijui kubembeleza kwa mila yenu, nitasema ninachokijua. Mtoto huyu alibisha kwangu miaka miwili iliyopita, jua limekwisha kuzama, amelowa chapachapa, ananiuliza kama hapa ndipo kwa Waislamu. Tangu siku ile nalala na furaha. Nikisikia basi linasimama naangalia kama ni yeye. Umpe Selim, au umnyime Selim, lakini mimi usininyime."

Mzee alifungua mdomo kutoa jibu lake la pili, lililokuwa tayari, akasita. Alimtazama Bi Halina kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Siku gani hiyo?" aliuliza.

"Siku ya mwisho ya Ramadhani."

"Lazima... lazima tushauriane na wajomba zake," alisema mzee, lakini sauti ilikuwa imekwisha badilika, na wote waliisikia. Kwenye simu Bi Mastura aliweka kisu chini.

Wakatoka, wakazunguka. Sarvinoz hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake alisikia baba yake anapumua, anatembea hatua mbili, anarudi. Walipobisha mara ya tatu, mzee aliwafungulia kabla ya pigo la pili.

"Kaa, Bi Halina. Nina maswali mawili tu. Siku ile, mlango nani aliufungua?"

"Mimi mwenyewe."

"Alikuwa amefuturu?"

"Alikuwa na tende moja kiganjani, hajaila. Alishuka kituo sicho, akatembea kilomita saba, simu imezima. Nikamuuliza, mbona hukula, adhana si imekwisha kupita? Akanijibu alikuwa anatafuta mtu wa kula naye."

Uso wa Sarvinoz uliwaka moto. Hayo hakuwahi kuyasimulia nyumbani. Siku ya pili yake aliwapigia tu, akasema nimefika salama kwa marafiki, Idi njema.

Mzee Hoshimjon aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Simu yake ilizima saa nane mchana," alisema. "Mama yake alisimama uani, akakataa kuingia ndani. Mimi nilikaa kwenye kitanda changu cha kufumia. Uzi unakatika, nafunga, unakatika, nafunga. Nilitaka kuomba dua, maneno hayaji. Mtoto yuko nchi nisiyoijua hata barabara zake, nimwombee nini? Mwisho nikasema, ee Mola, huko aliko mpe mtu mmoja. Mmoja tu, amfungulie mlango. Kesho yake akapiga, ni mzima, anacheka. Sikumuuliza kitu. Lakini nilijua kuna mtu amefungua. Miaka miwili, Bi Halina, kila swala, namwombea dua mtu nisiyemjua jina. Nasema tu: na yule aliyefungua."

Bi Halina aliziba mdomo kwa mkono. Kwenye simu Bi Mastura alikuwa analia kwa sauti, hajali majirani.

"Selim," aliita mzee. "Njoo hapa. Mbali ni mbali, mwanangu. Nitalia, na mama yake atalia zaidi. Kila mwaka utamleta. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Na vifungo vyako viko kombo." Akapokea nusu ya ule mkate wa nyama, akaishika upande mmoja, akamwashiria Bi Halina ashike wa pili. Waliivunja pamoja, mvuke ukawapanda usoni, na kwa Sarvinoz, aliyeijua mila ile tangu utotoni, jambo lilikuwa limekwisha: mkate umevunjwa, binti ameposwa.

"Inueni mikono," alisema mzee.

Waliinua. Alianza Bismillahi, akaenda maneno matatu, akakwama. Alijaribu tena, akashindwa. Bi Halina ndiye aliyeipokea dua, kwa Kiarabu chake cha Kitatari kilichopinda herufi, kile alichoachiwa na nyanya yake, akaisoma mpaka mwisho bila kukosea mahali.

Kwao Margilan binti anayeposwa hukaa kichwa chini, hatoi sauti, wala haonyeshi meno, watu wasije wakasema alikuwa na haraka. Sarvinoz aliinua uso, akamtazama Selim waziwazi mbele ya baba yake, akasema "Amin" kwa sauti iliyofika mpaka barabarani.